UA WA KAYABA: NAMNA YA KUUPANDA NA KUUTUNZA

Mashauri kwa wakulima wa mashamba madogo

1. KWA NINI SHAMBA LIPATE UA

Mkulima aliyelima vema, akapanda kwa wakati wake, akapalilia mara mbili, aweza kupoteza mavuno yake kwa usiku mmoja. Mbuzi watano wakiingia katika mahindi machanga hawahitaji saa nyingi. Asubuhi mwenye shamba hukuta mashina matupu, naye mwenye mbuzi husema hakujua kuwa kamba imekatika. Hapo huanza maneno. Baada ya maneno huja baraza. Na baada ya baraza majirani wawili hukaa miaka bila kusalimiana. Hasara ya mahindi hulipika, lakini hasara ya ujirani hailipiki upesi.

Ua mzuri huzuia mambo hayo. Tena una faida nyingine. Huwazuia ng'ombe wa kupita wasichanganyike na ng'ombe wako na kuwaachia kupe, maana kupe ndio wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi. Huvunja nguvu za upepo, nao mgomba na mahindi yaliyo nyuma yake hayalali ovyo. Nao huonyesha mpaka, ili watoto wenu watakaporithi mashamba wasigombane kwa sababu ya jiwe lililosogezwa.

Ziko njia nyingi za kuzungushia shamba. Ua wa miti mikavu hujengwa kwa siku chache, lakini mchwa huula, nao hudai miti mipya kila mwaka. Ua wa seng'enge ni imara, lakini bei yake humshinda mkulima mdogo. Ua wa miti iliyo hai hauhitaji fedha nyingi. Wahitaji mbegu, mikono na subira. Na ukitunzwa waweza kumzidi umri yule aliyeupanda.

Lakini ua hai una sharti moja ambalo wengi hawalitimizi, na kwa sababu hiyo twaona njiani nyua nyingi ambazo juu ni msitu na chini ni mlango. Sharti lenyewe ni hili: ua hutengenezwa chini kwanza, katika miaka miwili ya mwanzo, nao hutengenezwa kwa kukatwa. Mkulima akilishika neno hili moja, mengine yote ni mepesi.

2. KUCHAGUA MTI UFAAO

Mti wa ua yapasa uwe na sifa nne: usipukutishe majani wakati wa kiangazi, uchipue sana ukikatwa, mnyama asipende kuula wala kuupenya, tena usiwe adui wa shamba lenyewe. Miti mingi ina sifa mbili au tatu za hizi, lakini si yote minne.

Mnyaa hujulikana na kila mtu. Huota upesi kwa vipande vya matawi, hustahimili ukame, wala mbuzi hauli. Lakini hauna miiba, na utomvu wake mweupe ukiingia machoni huumiza vibaya sana, hata mtu aweza kupofuka. Aukataye mnyaa na afanye hivyo kwa uangalifu, naye aliyerukiwa na utomvu aoshe macho mara moja kwa maji safi mengi, kisha aende kwa mganga wa hospitali bila kungoja kesho. Usiupande mahali wanapochezea watoto.

Lantana, yenye maua madogo ya rangi mbili tatu katika kishada kimoja, ililetwa kutoka nchi za Amerika kuwa pambo la bustani. Ng'ombe akila majani yake hudhurika ini, na ngozi yake hubabuka katika jua. Tena ndege hueneza mbegu zake, hata malisho yakawa kichaka. Usiipande, na ukiikuta, ing'oe.

Mwiba wa Mauritius hupandwa na watu wengi kwa sababu miiba yake ni mikali na hukua haraka. Lakini ni mti utambaao. Hupanda juu ya miti mingine, huvuka mpaka, na mkulima aliyeuacha miaka michache huona kuwa yeye ndiye aliyezungushiwa ua.

Isale ni mti wa heshima. Uchagani, katika miteremko ya Kilimanjaro, masale yamepandwa mipakani tangu zamani, na mtu aendaye kuomba msamaha huchukua jani la isale mkononi. Yafaa sana kuonyesha mpaka kati ya watu wenye kuelewana. Lakini mbuzi haelewi alama ya amani. Kwa hiyo isale pekee haitoshi kuwa ua wa mifugo.

Kwa wakulima wa nchi za juu zisizo na joto kali, mti uliothibitika kuwa mwema ni kayaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake lilitokana na mto Kei ulio katika jimbo la Eastern Cape, Afrika ya Kusini. Waingereza waliliita tunda lake tufaha la Kei, na wakulima wa Kenya wakalitamka kwa namna yao, kaiyaba au kayaba. Majani yake ni mabichi mwaka mzima. Miiba yake ni migumu, imesimama peke yake, na mingine hufikia urefu wa inchi mbili na zaidi. Huvumilia kiangazi, na ukikatwa huchipua sana. Haupendi jambo moja tu, nalo ni maji yanayotuama kwenye mizizi.

Ubaya wake ni kwamba haukui haraka. Ua wa kayaba hauwi ua kamili kabla ya miaka mitatu, na mara nyingi ni minne au mitano. Mkulima yapasa ajue hilo tangu mwanzo, asije akakata tamaa njiani.

3. PATANENI JUU YA MPAKA KABLA YA KUCHIMBA

Ua ni shahidi asiyesahau. Nchini Kenya, mashamba yalipopimwa na kuandikishwa katika miaka iliyofuata mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ulioitwa mpango wa Swynnerton, wenye mashamba waliagizwa kupanda nyua katika mipaka waliyopatana. Nyua hizo zilipokuwa kubwa zilionekana katika picha zilizopigwa kutoka ndege, na kwa picha hizo mipaka ikachorwa katika ramani. Basi mstari aliouchimba mtu kwa jembe ukawa mstari wa karatasi ya serikali. Jambo hilo linatufundisha kwamba ua uliopandwa vibaya huweza kudumu kuliko kosa lingine lolote la shambani.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, mwite jirani yako, pamoja na wazee wawili au watatu waujuao mpaka. Tembeeni mstari wote kwa miguu. Pigeni vigingi pembeni na kila palipo na kona, mkavute kamba kati ya kigingi na kigingi. Kisha amueni mojawapo ya mambo mawili. Ua ukiwa wa wote wawili, upandwe juu ya mpaka wenyewe, na kila mmoja akate upande wake. Ukiwa wako peke yako, rudi ndani ya shamba lako futi tatu, ili unenepapo usiingie kwa jirani, nawe upate mahali pa kusimama ukiukata.

Usiupande karibu na njia nyembamba ipitwayo na watoto wa shule, wala karibu na kisima. Na mahali pa lango pachaguliwe sasa; maana lango likikatwa baadaye ndani ya ua uliokomaa, upande mmoja hubaki na mashina matupu.

4. HESABU YA MICHE

Wengi huanza kupanda, nayo miche ikawaishia njiani. Fanya hesabu kwanza. Pima mstari wako kwa hatua au kwa kamba, kisha hesabu mche mmoja kwa kila futi moja.

Tuchukue shamba la ekari moja lenye pande nne zilizo sawa. Kila upande una urefu wa futi 209 hivi, na mzunguko wake wote ni futi 836 hivi. Basi wahitaji miche 836. Ongeza mingine ya kujazia itakayokufa, na ile itakayokuwa dhaifu. Otesha miche 1,000.

Tunda moja la kayaba huwa na mbegu 5 hadi 15. Tukihesabu mbegu kumi kwa tunda, matunda 100 hutoa mbegu 1,000. Lakini si kila mbegu huota, kwa hiyo kusanya matunda 200 yaliyoiva vizuri, yenye rangi ya manjano iliyokolea. Jirani mwenye ua wa zamani hatakunyima, kwani kwake huanguka na kuoza.

Kama nguvu zako ni ndogo, usizungushe shamba lote mwaka mmoja. Anza na upande ule ambao mifugo huingilia. Ua mfupi uliotunzwa ni bora kuliko mrefu uliotelekezwa.

5. KITALU

Yaponde matunda ndani ya maji, uoshe mbegu mpaka nyama yote itoke, kisha uzianike kivulini siku mbili au tatu. Usizianike juani, wala usizihifadhi muda mrefu; mbegu mbichi huota vizuri zaidi.

Chagua mahali palipo karibu na maji. Tengeneza tuta lenye upana wa futi nne, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Piga mistari, ukaweke mbegu nusu inchi chini ya udongo, na kati ya mbegu na mbegu inchi mbili. Funika kwa nyasi kavu, ukajenge na chanja cha kivuli chenye kimo cha futi tatu. Mwagilia maji kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, asubuhi na jioni.

Baada ya wiki mbili hadi nne utaona mbegu zinaota. Siku hiyo hiyo ondoa nyasi, la sivyo miche itarefuka na kuwa dhaifu. Miche ifikapo inchi tatu, hamisha iliyosongamana, ukaipande nafasi ya inchi sita, au katika vifuko vilivyojazwa udongo. Punguza kivuli kidogo kidogo, na katika mwezi wa mwisho kiondoe chote na upunguze maji, ili miche izoee taabu ya shambani. Mche ulio tayari una kimo cha futi moja hivi na shina gumu. Kwa kawaida hufikia hapo baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Hesabu miezi yako nyuma, ili miche iwe tayari mvua za masika zitakapoanza.

6. MTARO NA KUPANDA

Mwezi mmoja kabla ya mvua, chimba mtaro kufuata kamba, upana wake futi moja na nusu, na kina chake vivyo hivyo. Udongo wa juu uweke upande mmoja, udongo wa chini upande mwingine. Rudisha kwanza udongo wa juu uliochanganywa na samadi, ndipo ule wa chini. Watu wengi huona kazi hii ni ya bure, wakachimba mashimo madogo kwa ncha ya panga. Miche yao huishi, lakini hudumaa. Na mche uliodumaa katika ua ndio tundu la kesho.

Ardhi ikiwa ya mteremko, na mpaka ukiteremka nao, jihadhari na maji. Maji ya mvua hupenda kufuata mguu wa ua, yakachimba korongo. Weka vizuizi vidogo vya udongo kila hatua kumi, vinavyoyageuza maji kuelekea kwenye nyasi au kwenye makinga-maji ya shamba.

Panda siku ya mawingu, udongo ukiwa umelowa mpaka chini. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, wala usiache mizizi ikae juani hata kidogo. Panda katika mstari mmoja, mche na mche kwa futi moja, katika kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Kanyaga udongo kwa kisigino mpaka mche usitikisike. Kisha tandaza nyasi kavu pande zote mbili.

Siku ile ile, weka matawi ya miiba mikavu nje na ndani ya mstari. Kayaba kuukuu hujilinda yenyewe, lakini changa ni laini, na mbuzi hupenda vichipukizi vyake. Palilia upana wa futi mbili kila upande kwa miaka miwili. Kila mche uliokufa uweke mwingine mahali pake mvua zinazofuata. Usingoje mwaka wa tatu, maana mche mdogo katikati ya wakubwa hukosa mwanga.

7. KUKATA ILI UKUE

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, na hapa ndipo wakulima wengi wanaposhindwa. Si kwa uvivu, bali kwa huruma. Mtu amebeba maji, amepalilia, amefukuza mbuzi. Sasa mche umefika kiunoni, naye aambiwa aukate. Moyo wake hukataa.

Lakini ujue namna mti unavyokua. Kila shina lina jicho kileleni, na macho mengine mengi ubavuni yaliyolala. Jicho la kileleni likiwapo, huyazuia yale ya chini yasiamke, nayo nguvu ya mti hupanda juu. Ukikata kilele, macho ya chini huamka, na mahali palipokuwa na shina moja hutoka matawi mawili, matatu, au manne. Ukiyakata na hayo, kila moja huzaa mengine. Hivyo ndivyo ua unavyosukwa kama mkeka. Na tawi ambalo halikutoka chini wakati mti ungali mchanga ni shida kulipata baadaye, kwa kuwa macho yaliyofunikwa na kivuli hayaamki.

Fanya hivi. Mche ukisha kushika udongo na kutoa majani mapya, yaani miezi miwili au mitatu baada ya kupanda, ukate ubaki na inchi sita. Vichipukizi vipya vikifika urefu wa futi moja, kata nusu yake. Vikirefuka tena futi moja, kata nusu tena. Kila mkato huongeza nusu futi tu ya kimo. Kwa miaka miwili ua wako hautapita futi tatu. Lakini utakuwa umejaa tangu udongoni.

Tufanye mfano wa wakulima wawili waliopanda siku moja, mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule. Wa kwanza hakukata. Baada ya miaka minne ua wake umempita mtu mrefu, nao wapendeza kwa mbali. Lakini uiname utazame: kwa futi mbili kutoka ardhini ni mashina matupu, kama miguu ya kuku. Mbuzi hupiga magoti, akapita. Wa pili alikata kila mara, majirani wakamcheka, wakisema analima kwenda nyuma. Ua wake una futi nne na nusu tu, lakini kuku wake hawezi kuupenya. Sasa yule wa kwanza hana njia ila kuukata wote karibu na ardhi na kuanza upya. Miaka minne imepotea, na katika miaka hiyo mahindi yake yaliliwa.

8. UTUNZAJI WA KILA MWAKA

Ua ukisha kufika kimo cha futi tano, usiuache urefuke tena. Ukate mara mbili kwa mwaka, mvua zikisha kuanza, ili uchipue mara moja. Usiukate katikati ya kiangazi kikali; vichipukizi vyake vitaungua.

Umbo. Uwe mpana chini na mwembamba juu, kama paa la nyumba: futi tatu chini, futi moja na nusu juu. Ukiufanya mpana juu, kichwa chake huitia miguu kivuli, na majani ya chini hufa. Ua uliofifia chini, sababu yake mara nyingi ni kichwa chake kizito.

Vyombo. Mkasi wa kukatia ua ni bora, lakini panga kali latosha. Linoe kwa tupa kabla ya kuanza. Kata kwa kuelekeza panga juu, si chini, ili tawi lisichanike.

Miiba. Matawi yaliyokatwa yakusanye siku ile ile, hata kijiti cha mwisho. Mwiba wa kayaba hupenya kiatu na mpira wa baiskeli, nao huingia katika kwato za ng'ombe ukaleta usaha. Yatumie matawi hayo kuziba matundu au kulinda miche michanga. Yanayobaki yachomwe mahali pamoja.

Mizizi. Ua hula chakula na maji ya shamba. Mstari wa kwanza wa mahindi usiwe karibu kuliko futi sita. Kisha, kila baada ya mwaka mmoja au miwili, chimba mfereji mwembamba wenye kina cha futi mbili, futi tatu kutoka kwenye ua, upande wa mazao tu, ukate mizizi inayoelekea shambani, halafu uufukie.

Matundu. Tembea kuzunguka ua wako kila mwezi. Tundu dogo halina udogo, maana mbuzi mmoja akipita leo, kesho litakuwa njia. Ziba kwa miiba mikavu kwanza. Kisha lainamishe tawi refu la jirani yake, ulifukie katikati kwa udongo, ulibane kwa kigingi cha panda, na ncha uiache nje. Likitoa mizizi utakuwa na mche mpya mahali pale pale.

9. MATUNDA NA NZI WAKE

Kayaba ina miti ya kiume na ya kike. Wa kiume hauzai, si mgonjwa. Matunda ya ule wa kike ni machungu kama ndimu, lakini yakipikwa na sukari hufanya jamu nzuri ambayo huganda yenyewe, tena yana vitamini C nyingi.

Lakini nzi wa matunda hutaga mayai ndani yake, na hao ndio wanaoharibu maembe, machungwa, mapera, hata na matunda ya kahawa. Mwenye ua wa kayaba asiyeokota matunda yake hufuga nzi wa kijiji kizima. Kwa hiyo yaokote mara mbili kwa wiki wakati wa kuiva, na yale yaliyooza au yenye funza uyafukie katika shimo lenye kina cha futi mbili, udongo ukashindiliwa juu. Kuyatupa kwenye jalala hakutoshi, kwa sababu funza hujichimbia ardhini na kutoka akiwa nzi. Ua unaokatwa kwa wakati huzaa matunda machache, nayo ni faida nyingine ya mkasi.

Ndege nao hubeba mbegu. Miche iotayo yenyewe malishoni au kando ya mto, ing'oe ingali michanga.

10. UA WA ZAMANI ULIOHARIBIKA

Kama umerithi ua mrefu uliotoboka chini, usiung'oe. Mvua zikianza, kata mashina yote yabaki futi moja, weka samadi pande zote mbili, palilia, ujaze miche mipya penye nafasi kubwa. Kayaba huchipua hata katika shina kuukuu. Kisha anza kukata kama ilivyoelezwa katika fungu la 7. Lakini usikate shamba zima kwa mwaka mmoja: kata upande mmoja, uuzungushie miiba mikavu, na mwaka ujao upande mwingine, ili shamba lisikae wazi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Patana na jirani, mbele ya wazee, kabla ya kuchimba.
2. Fanya hesabu ya miche, mche mmoja kwa futi moja, na ya akiba.
3. Chimba mtaro, si mashimo madogo.
4. Kata mche ubaki inchi sita. Kisha kila unaporefuka futi moja, kata nusu.
5. Chini pana, juu pembamba.
6. Jaza kila pengo mvua zinazofuata.
7. Okota matunda, ufukie yaliyooza.
8. Kusanya kila mwiba.

MASWALI YA KUJIULIZA SHAMBANI

Je, mtoto wa mbuzi aweza kupita chini ya ua wangu leo? Je, upana wa chini wauzidi wa juu? Je, pengo nililoliona mwezi uliopita nimeliziba? Mkulima awezaye kuyajibu maswali haya matatu bila kuona haya, aweza kulala usiku, naye jirani yake pia.